Injini mbili, roho juu: maswali yenu kuhusu Twin Pioneer

Katika toleo lililopita tuliweka picha ya ndege ya Twin Pioneer ikiwa Eastleigh, Nairobi, na chini yake tukaandika kwamba ilikuwa "nzuri, ila na kasoro zake". Wasomaji wametubana: kasoro zipi hizo? Mna haki ya kuuliza.

Kwa ambao toleo lile liliwapita: Twin Pioneer ni ndege ndogo ya kubebea watu na mizigo, iliyotengenezwa na kampuni ya Scottish Aviation huko Prestwick, Uskoti. Iliruka mara ya kwanza Juni 1955. Ziliundwa 87 tu, na 39 kati ya hizo zilichukuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza. Kikosi namba 21 kilikuwa nazo Eastleigh kuanzia 1959 hadi 1965. Namba 78 kilikuwa Aden, namba 152 Bahrain, na namba 209 Singapore. Askari waliizoea kwa jina la Twin Pin.

Ilikuwa na injini mbili. Kwa nini basi marubani waliiogopea injini moja kuzimika? Si ndiyo maana ya kuwa na mbili? (Msomaji, Nanyuki)

Hapa ndipo penye kiini cha kasoro zote za ndege hii, kwa hiyo tuvumilie kidogo.

Ndege ikiwa imejaa ilikuwa na uzito wa kilo 6,620 hivi. Toleo la kwanza lilikuwa na injini mbili za Alvis Leonides, kila moja nguvu za farasi 540. Injini moja ikizimika, kila farasi aliyebaki anavuta kilo 12 na zaidi. Ndege yenyewe haikuwa laini hewani: magurudumu hayakunjwi, nguzo za kushikilia mabawa ziko nje, mkia una mapezi matatu. Vyote hivyo vinakokota upepo. Ongeza propela iliyosimama ubavuni, na usukani wa mkia uliokazwa upande mmoja ili kuzuia ndege isizunguke, nao ni mzigo mwingine. Usawa wa bahari, asubuhi yenye baridi, injini moja iliweza kuishikilia ndege kwa shida. Nanyuki kwenu, karibu mita 1,900 juu ya bahari, mchana, na mzigo umejaa, usitarajie kitu.

Kwa nini kimo kinaumiza? Kwa sababu hewa nyepesi inadai mwendo mkubwa zaidi ili bawa libebe uzito uleule, na mwendo mkubwa unadai nguvu zaidi. Wakati huohuo injini, ikikosa hewa, inatoa nguvu pungufu. Mahitaji yanapanda huku uwezo ukishuka.

La pili ni baya zaidi. Kila ndege ya injini mbili ina mwendo ambao ukiwa chini yake, injini moja ikifa, usukani hauna tena ubavu wa kuizuia ndege isigeuke na kulala. Twin Pioneer ilisifiwa kwa kutua polepole. Ilikuwa na slati (vibao vinavyofunguka) mbele ya bawa na flapu kubwa nyuma zinazolipanua bawa lenyewe. Lakini rubani anayeshuka polepole namna hiyo, pua juu na injini zikivuta kwa nguvu, anajiweka karibu kabisa na mwendo huo wa hatari, na pengine chini yake. Injini ikikohoa hapo, hawezi kuongeza nguvu upande mmoja, maana ndiko kujipindua. Inabidi apunguze na ile nzima pia, ashushe pua, akubali kutua popote palipo mbele.

Ndiyo kusema sifa mbili zilizouzwa pamoja, uwanja mfupi na usalama wa injini mbili, hazikupatikana kwa wakati mmoja. Ulichagua moja. Mwenye kutaka usalama alishuka kwa kasi zaidi na akahitaji uwanja mrefu zaidi. Matoleo ya baadaye yalipewa Leonides ya farasi 640. Hilo lilisaidia, ila halikuubadili msingi wa hoja.

Naomba hesabu, si maneno. Nairobi ilipunguza mzigo kwa kiasi gani? (Mwanafunzi wa urubani, Nairobi)

Tuifanye hesabu kwa kanuni ya kienyeji, si kwa jedwali la kiwanda. Mbio za kurukia hukua kwa mraba wa uzito, na hukua kwa mraba wa wepesi wa hewa.

Uwanja wa Eastleigh uko mita 1,640 hivi juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 28, uzito wa hewa ni takriban asilimia 78.5 ya ule wa usawa wa bahari. Gawa 1 kwa 0.785 mara 0.785: unapata 1.62. Ndege iliyohitaji mita 300 pwani inahitaji karibu 490. Alfajiri yenye nyuzi 12 hewa hupanda hadi asilimia 83 na mbio hushuka hadi kama mita 435. Mita 50 umezipata bure kwa kuamka mapema tu.

Sasa igeuze hesabu. Tuseme uko kwenye kiwanja cha porini chenye kimo kilekile, na una mita 300 basi. Uzito unaoruhusiwa ni 6,620 mara 0.785, yaani kilo 5,200. Ndege tupu ina kilo 4,550 hivi. Marubani wawili, kilo 180. Petroli ya saa tatu, akiba ikiwemo, kama kilo 410. Jumla 5,140. Umebakiwa na kilo 60: hata askari mmoja na bunduki yake hatoshi! Pwani, kwa hesabu hiyohiyo na uzito kamili, ulikuwa na kilo 1,480, yaani askari 13 wa kilo 110 na vifaa vyao.

Supachaja ya Leonides, yaani pampu inayoisukumia injini hewa zaidi, ilirudisha sehemu ya nguvu, kwa hiyo hali halisi ilikuwa nafuu kuliko hiyo. Lakini mwelekeo ndio huo, na ndiyo sababu namba za brosha zilizopimwa Uskoti hazikuwa na maana sana Afrika Mashariki. Jambo moja linasahauliwa na wanafunzi wengi: kipima mwendo hakionyeshi tofauti hii. Kinasoma noti 60 zilezile (maili 60 za baharini kwa saa), kumbe magurudumu yanakimbia kwa asilimia 13 zaidi juu ya ardhi, na breki zinabeba nishati asilimia 27 zaidi wakati wa kutua.

Nimesikia bawa la ndege hizi liliwahi kung'oka angani. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli. Tarehe 7 Desemba 1957, Twin Pioneer yenye usajili G-AOEO ilianguka Libya ikiwa katika safari ya kuitangaza kwa wanunuzi. Wote watatu waliokuwamo walikufa, akiwemo David McIntyre, mmoja wa waasisi wa Scottish Aviation. Mtu huyu alikuwa mmoja wa marubani wawili waliorusha ndege juu ya kilele cha Everest mwaka 1933, mara ya kwanza kwa binadamu. Uchunguzi ulikuta ufa wa uchovu wa chuma kwenye nguzo inayoshikilia bawa. Nguzo ilipokatika, bawa la kushoto likaondoka.

Uchovu wa chuma si kutu wala si kuzidisha mzigo mara moja. Chukua waya, upinde na kuunyoosha: mara ya kwanza hauvunjiki, mara ya thelathini unakatika. Nguzo ya bawa la Twin Pioneer ilipokea mpindo wa kila mtikisiko wa hewa ya joto, na kila mshindo wa kutua kwenye changarawe, kwa sababu mguu wa gurudumu umeungwa kwenye kibawa kifupi kilekile ambamo nguzo inaanzia. Ndege ya viwanja vifupi hutua mara nyingi kwa siku. Saa zake za kuruka zinaweza kuwa chache, lakini mipindo ni mingi. Ukihesabu saa peke yake umejidanganya. Hesabu kutua.

Ufa huanza mahali penye tundu la bolti, kona kali au mkwaruzo. Kabla ya vifaa vya umeme kuenea, fundi aliutafuta hivi: anasafisha mahali hapo mpaka chuma kitupu, anapaka mafuta mepesi, mathalani ya taa yaliyochanganywa na oili, anaacha yapenye, anafuta hadi pakauke kabisa, kisha anapaka chokaa nyembamba. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hurudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Kosa la kawaida ni kufanya haraka: rangi haikuondolewa yote, au mafuta hayakupewa muda. Ufa uliofunikwa na rangi hauonekani, na fundi anatia saini kwa amani.

Kiwanda kiliimarisha sehemu hizo na uzalishaji ukaendelea. Mwaka uliofuata, 1958, kikosi namba 78 cha Aden kilianza kuzipokea.

Mapipa ya mafuta yalipakiwaje? Mlango ninaouona pichani ni mdogo. (Msomaji, Mombasa)

Umeona sawasawa. Mlango uko ubavuni, kushoto, nyuma ya bawa. Ndege inakaa juu ya gurudumu la mkia, kwa hiyo sakafu yake ni mteremko unaoelekea nyuma. Ukiingiza kitu unakipandisha mlima, tena baada ya kukizungusha mlangoni.

Pipa la lita 200 likijaa petroli ya ndege lina kilo 165 hivi, pipa lenyewe likiwemo. Katika kilo 1,480 za pwani yanaingia 8. Kazi yenyewe inataka mbao mbili nene kutoka kwenye lori hadi kizingiti, watu wanne, kamba ya kuvutia iliyotangulia ndani, na mtu wa kabari. Kila pipa likipanda nusu mita, kabari inasukumwa nyuma yake. Ambaye hana kabari atajua pipa linavyoteremka.

Mapipa ya kwanza hupelekwa mbele kabisa. Ukianzia karibu na mlango, uzito unahamia nyuma na njia umejizibia mwenyewe. Uzito ukiwa nyuma mno, ndege huinua pua yenyewe ikiacha ardhi, na katika mwendo mdogo ambao ndege hii iliupenda, hapo hakuna nafasi ya kusahihisha. Ufungaji uwe wa pande mbili. Chini, sakafu inayavuta mapipa kwenda nyuma. Hewani inanyooka. Ukitua uwanja mfupi, breki zinayarusha mbele kwa marubani. Tumeona michoro ya mafunzo yenye kamba za upande mmoja tu, nasi tunasema hayo ni makosa.

Landrova? Haikuingia kabisa. Mabomba marefu, nguzo za mahema, sehemu za daraja: yote hayo yalitegemea ile kona ya mlango. Jeshi hubeba vitu virefu na vizito, na ndege ya kijeshi isiyo na mlango wa nyuma ni basi la abiria lililovishwa rangi ya kijani.

Injini za Leonides zilikuwa na ubaya gani? (Fundi wa magari, Morogoro)

Ubaya wake ni wa injini zote za silinda zilizopangwa duara, pamoja na vumbi letu. Leonides ina silinda 9 zinazopozwa kwa hewa. Zile za chini zinaning'inia vichwa chini, na ndege ikilala usiku, oili inateleza na kujaa humo. Oili haibanwi kama hewa. Ukiwasha, pistoni inagonga ukuta wa majimaji na konrodi, ile fimbo inayoshikilia pistoni, inapinda.

Kinachopoteza wengi ni kwamba konrodi iliyopinda kidogo haivunjiki papo hapo. Injini inawaka, inaunguruma vizuri, inakwenda kuvunjika siku nyingine ikiwa angani.

Dawa yake ni kuzungusha propela kwa mkono kila asubuhi. Swichi za magneto, za kutoa cheche, zimezimwa na mafuta yamefungwa. Watu wawili wanasukuma mapanga polepole kuelekea upande inakozungukia siku zote, mpaka injini imalize mizunguko miwili kamili, na kwa kuwa propela ina gia, hesabu mapanga 6 hadi 9 uwe na uhakika. Ikigoma, usiilazimishe. Wala usiirudishe nyuma, ingawa inashawishi: oili inahamia kwenye bomba la hewa, unaona imelegea, unawasha, nayo inavutwa tena silindani kwa mkupuo. Fungua plagi za silinda za chini, imwagike, zungusha tena, safisha plagi, rudisha.

Vumbi nalo: likichanganyika na oili linakuwa kama msasa wa maji. Pete za pistoni zinalika, oili inaanza kuliwa, moshi unatoka. Ukiona injini inataka oili zaidi wiki hadi wiki, usihangaike na chapa ya oili. Tazama kichujio cha hewa kwanza.

Na changarawe. Propela ikizunguka kwa nguvu huku ndege imesimama, inafyonza mawe kutoka chini. Kila kidonda kwenye ukingo wa panga ni mwanzo wa ufa. Kinalainishwa kwa tupa laini kwa kufuata urefu wa panga, kiwe bonde pana lisilo na kona, kisha msasa mwembamba. Ni bora kuizuia: sogeza ndege kwanza, ongeza nguvu ikiwa tayari inatembea.

Baba yangu aliishi Oman na alizitaja "Pioneer" za jeshi la Sultani. Ndizo hizi? (Msomaji, Muscat)

Hapana, ndugu yetu. Jeshi la Anga la Sultani lilipoundwa mwaka 1959 lilipewa Pioneer ya injini moja, dada mkubwa wa hii, yenye nafasi ya rubani na abiria wanne. Hiyo iliruka ndani ya mita 100. Twin Pioneer zilizoonekana Oman zilikuwa za Waingereza, za kikosi cha Bahrain.

Tuseme wazi maoni yetu: kwa viwanja vya milimani ile ya injini moja ilikuwa mkweli zaidi. Rubani alijua injini ikizimika anashuka, akapanga safari yake hivyo, na akashuka polepole bila hofu ya kupinduliwa na injini ya upande wa pili. Kasoro yake ni kwamba abiria wanne si mzigo wa kuendeshea vita.

Kuanzia 1970 Oman ilichukua Skyvan 16, nazo za Uingereza. Kwa sura ni sanduku lenye mabawa. Lakini ilikuwa na mlango mzima wa nyuma, ndani upana wa karibu mita 2, na injini za tabo za farasi 715 zinazotumia mafuta ya taa ya ndege badala ya petroli. Karibu kila lalamiko tuliloliandika hapo juu lilijibiwa.

Mmeisema vibaya mno. Hakuna iliyofanya vyema? (Msomaji, Kampala)

Ipo. Desemba 1962, wakati wa uasi wa Brunei, nchi ndogo kisiwani Borneo, Twin Pioneer tano ziliteremsha askari wa Uskoti wa kikosi cha Queen's Own Highlanders kwenye nyasi karibu na Seria, na ndege kubwa ya Beverley ikatua kwenye uwanja wa Anduki upande wa pili wa mji. Angalia mazingira, lakini: pwani, usawa wa bahari, masafa mafupi. Pale ndege ilipata hali iliyoundiwa. Malaya pia iliifanya ndege yake ya kwanza ya kijeshi mwaka 1958, ikaipa jina la Lang Rajawali.

Waingereza walipoondoka, kwa nini Kenya na Tanzania hazikurithi ndege hizi? (Msomaji, Dodoma)

Kikosi namba 21 kilihamia Aden mwaka 1965 na ndege zake, na kufikia mwisho wa 1968 Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa limeziondoa zote kazini. Lakini hata zingeachwa, fikiria mnunuzi mpya angepata nini: ndege 87 tu duniani, vipuri vya kutoka kiwanda kimoja, mwendo wa kilometa 190 hivi kwa saa, na nguzo za mabawa zenye kudai ukaguzi usiokwisha.

Jeshi la Anga la Kenya, lililoanzishwa 1 Juni 1964, lilichukua Beaver za Kanada, na baadaye Caribou. Tanzania nayo, kwa msaada wa Kanada, ilipata Otter na Caribou. Beaver na Otter ni injini moja bila kujidai. Caribou ni injini mbili za farasi 1,450 kila moja, askari 32, na mlango wa nyuma unaoshuka hadi chini. Landrova inapanda yenyewe.